Bedford ya jeshi inachemka na kutoa moshi mweusi mlima wa Kiserian. Nimebadilisha karibu kila kitu. Msaada!

#1 Boza_la_Rongai (Jumanne, saa 2:40 usiku)

Habari zenu wakuu. Nina Bedford MK, zile za jeshi za 4x4. Injini ni ileile yake ya 330 (lita 5.4), dizeli, silinda sita. Niliinunua kwa jamaa wa Nanyuki, naye aliipata mnadani miaka mingi nyuma ikiwa na bodi ya mbao na turubai. Nikatoa bodi, nikaweka tangi la maji. Kazi yake ni kuchota kisimani Rongai na kupelekea watu maji Kiserian, Corner Baridi mpaka Kisamis.

Barabara tambarare inaenda vizuri sana. Nikianza kupanda kutoka Kiserian kwenda Corner Baridi, gia ya pili, moshi mweusi kama wa kuchoma tairi, nguvu zinakwisha, na sindano ya joto inapanda mpaka naogopa kuiangalia. Nikisimama dakika ishirini inapoa, naendelea. Wiki jana bodaboda amenipita akiwa amebeba kochi.

Nilichofanya mpaka sasa: thamostati imetolewa kabisa (fundi alisema Afrika haihitajiki), mkanda wa feni mpya, nozeli zimepimwa Kirinyaga Road, filta zote mpya, oili mpya, rejeta imesafishwa. Gasketi ya hedi nimeambiwa ni nzima.

Nani amepitia haya? Au nitoe hii injini niweke ya Isuzu nipumzike?

#2 Nozeli_Sita

Rudisha thamostati kwanza, halafu tuongee. Huyo fundi wa "Afrika haihitajiki" ametuharibia injini nyingi hapa mjini. Injini nyingi za aina hiyo zina njia ndogo ya maji ya kuzungukia ndani kabla injini haijapata moto. Thamostati ikifunguka ndipo maji yanalazimishwa kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji inaendelea kuzunguka humo ndani bila kuonana na rejeta. Unadhani umeipoza kumbe umeinyima.

#3 Kochi_Juu_ya_Boda

Samahani ndugu, yule alikuwa mimi. Kochi limefika salama.

#4 Hewa_Nyepesi

Mimi nitaangalia moshi, si joto. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa inayoweza kuyachoma. Sasa fikiria ulipo. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na huko unakopanda ni juu zaidi. Kwa kimo hicho hewa imepungua uzito kwa karibu sehemu moja kati ya sita ukilinganisha na Mombasa. Injini yako haina tabo ya kuisukumia hewa, kwa hiyo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, lakini pampu inapiga mafuta kipimo kilekile. Ziada ndiyo hiyo unayoona nyuma, na ndiyo inayopasha moto.

Jambo la pili ambalo watu hawalifikirii: kimo hicho maji yenyewe yanachemka kwenye digrii 94 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachozuia, kwa sababu kinashikilia presha na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa digrii zaidi ya kumi. Springi ya kifuniko ikichoka, basi umebaki na sufuria tu. Umebadilisha kifuniko?

#5 Boza_la_Rongai

Kifuniko… hapana. Kilichopo kimefungwa na kipande cha mpira wa tyubu ili kisivuje.

#6 Nozeli_Sita

Haya.

#7 Mzee_wa_Gilgil

Vijana, habari za jioni. Magari haya nimeyaendesha nikiwa kazini miaka mingi kabla ya kustaafu. Tulikuwa tunapanda nayo kutoka Mai Mahiu mpaka Kimende, wanaume wamejaa nyuma na vifaa vyao, na hayakuchemka. Kwa hiyo habari ya hewa nyepesi mimi inanipita kidogo. Mlima wa Mai Mahiu haukuongezwa kimo baada ya mimi kustaafu.

Sisi tulikuwa tunakagua gari kila asubuhi kabla ya kuwasha. Maji, oili, mkanda, matairi, na unalala chini uangalie difu. Swali langu kwa mwenye gari: difu yako ya nyuma bado ina rangi nyeupe?

#8 Boza_la_Rongai

Shikamoo mzee. Ndiyo! Katikati imepakwa nyeupe na kuna taa ndogo ya kuimulika. Nilidhani mwenye gari wa kwanza alikuwa na rangi imebaki.

#9 Mzee_wa_Gilgil

Marahaba. Hapana, hiyo ni ya msafara wa usiku. Mnazima taa zote, inabaki hiyo ndogo chini inayomulika difu, na dereva wa nyuma anafuata lile doa jeupe. Akiliona, yuko umbali sahihi. Asipoliona, amebaki. Usiipake rangi nyingine.

#10 Hewa_Nyepesi

Mzee wa Gilgil, kwa heshima: pampu zenu zilikuwa zimepimwa na karakana iliyojua gari litafanya kazi wapi, na lakiri ya skrubu ya mafuta ilikuwa haiguswi. Hii imepita mikono mingapi tangu mnadani? Boza, angalia pampu yako. Kuna skrubu ya kuzuia kiwango cha mafuta, huwa imefungwa kwa waya na risasi. Waya haupo? Basi kuna mtu "aliongeza nguvu".

#11 Boza_la_Rongai

Nimeshuka na tochi sasa hivi. Waya haupo. Skrubu ina alama za plaizi.

#12 Mafuta_Taa

Mnahangaika bure. Ni dizeli chafu. Vituo vingine vya kando ya barabara vinachanganya na mafuta taa. Ndiyo maana serikali ikaweka ule ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018. Mimi canter yangu ilipoteza nguvu hivihivi.

#13 Nozeli_Sita

@Mafuta_Taa ushuru ni kweli, lakini mafuta taa hayaleti moshi mweusi. Yanakula pampu, kwa sababu dizeli ndiyo inayoilainisha. Utapoteza nguvu, utapata injini ngumu kuwaka, lakini si moshi wa kuchoma tairi. Tena hizi 330 za jeshi zilitengenezwa zikubali mafuta ya aina zaidi ya moja. Kati ya magari yote ya humu jukwaani, hilo ndilo la mwisho kulalamikia mafuta taa.

#14 Mafuta_Taa

Sawa fundi. Lakini canter yangu ilipona nilipohama kituo.

#15 Mama_Mbao

Jamani salamu. Mimi nasafirisha mbao kutoka Nyahururu, sasa nina Isuzu mbili, lakini marehemu baba watoto alianza na Bedford. Nimekaa kwenye kiti cha abiria cha Bedford kuliko nilivyokaa sebuleni kwangu.

Ile yetu ilichemka miezi mitatu. Tukafungua hedi mara mbili. Pesa ya karo ya muhula mzima ikaingia kwenye ile hedi. Siku moja tumesimama Ol Kalou tukichemsha kama kawaida, mtoto wangu akaenda kukojolea tairi la nyuma na mvuke ukapanda. Mvuke! Gurudumu lilikuwa la kukaangia mayai. Breki zilikuwa zinashika na kukataa kuachia. Injini ilikuwa nzima siku zote, ilikuwa tu inavuta lori ambalo limekanyagiwa breki.

Boza, ukishuka baada ya mlima, pitisha mkono karibu na kila gurudumu. Karibu, usiguse.

#16 Kochi_Juu_ya_Boda

Kipimo cha kisasa kabisa hicho cha mtoto. Kinapatikana kwa wauza spea wa Grogan?

#17 Mama_Mbao

Kilikuwa kinapatikana bure, sasa kiko chuo kikuu na hakipokei simu.

#18 Boza_la_Rongai (Jumatano, saa 11 jioni)

Mama shukrani. Leo nimepima kama ulivyosema. Nyuma kulia ni moto kweli, nyuma kushoto uvuguvugu. Lakini cha ajabu, mbele yote mawili ni ya moto kuliko nilivyotarajia, na kule katikati chini, pale panapotoka propela mbili, panaunguza.

#19 Portali

Hapo umeniamsha. Mimi nina Unimog U1300L, iliachwa hapa na wasafiri Wajerumani waliochoka na Afrika, nikainunua ikiwa imeota majani Karen.

Boza, panapounguza ni giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma. Swali: kile kigiya cha 4x4 kinaingia na kutoka bila shida? Magari haya hayana difu ya katikati. 4x4 ikiwa imeingia, ekseli ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja. Kwenye tope ni sawa, matairi yanateleza na kujisawazisha. Kwenye lami hakuna kuteleza, kwa hiyo propela zinajisokota moja dhidi ya nyingine kama mtu anayekamua nguo. Usukani unakuwa mzito, matairi ya mbele yanalika upesi, na injini inafanya kazi ya kupigana na gari lenyewe.

Kipimo: rudi nyuma mita chache taratibu halafu jaribu kutoa kigiya. Au inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, breki ya mkono imeshika na mawe yamewekwa, gia ziko huru. Jaribu kulizungusha kwa mkono. Likigoma, 4x4 haijatoka.

#20 Boza_la_Rongai

Kile kigiya hakijawahi kusogea tangu nilinunue. Nilidhani ni cha mapambo.

#21 Nozeli_Sita

Mapambo 😂😂 Na matairi je? Yanalingana?

#22 Boza_la_Rongai

Nyuma ni 12.00-20 mapya. Mbele nilipata 11.00-20 za bei nzuri, bado nzima.

#23 Portali

Ala! Tofauti ya kipenyo hapo ni kama sentimita 4. Ikiwa 4x4 imekwama, basi kila mzunguko mmoja wa gurudumu mbele na nyuma wanabishana. Umekuwa ukipanda Kiserian na ndoa yenye ugomvi.

#24 Hewa_Nyepesi

Bado haielezi moshi mweusi na alama za plaizi.

#25 Portali

Inaeleza. Injini iliyobebeshwa mzigo kupita kiasi kwa mizunguko midogo inatoa moshi mweusi hata pampu ikiwa imepimwa na malaika.

#26 Mzigo_Halali

Mmesema yote isipokuwa swali la kwanza ambalo mtu wa mizani angeuliza. Tangi ni la lita ngapi?

#27 Boza_la_Rongai

5,000. Nililinunua Kariobangi Light Industries, fundi aliniuzia kama la elfu tano.

#28 Mzigo_Halali

Lipime. Urefu na kipenyo.

#29 Boza_la_Rongai (baada ya dakika arobaini)

Urefu mita 3.9. Kipenyo mita 1.6. Ni la duara.

#30 Mzigo_Halali

Nusu kipenyo 0.8, mara 0.8 ni 0.64, mara 3.14 ni karibu 2.01, mara 3.9 ni 7.84.

Ndugu yangu, hilo ni tangi la lita 7,840. Maji peke yake ni karibu tani 8, bado bati. Bedford MK ni lori la tani NNE. Lenyewe likiwa tupu linapita tani 5.

#31 Mama_Mbao

Mungu wangu.

#32 Kochi_Juu_ya_Boda

Subiri kidogo. Kwa hiyo wateja wa Kisamis wanalipia elfu tano na kupata karibu elfu nane? Naomba namba yako ya simu, nahamia huko kesho.

#33 Boza_la_Rongai

Nimekaa chini. Kisimani nalipa kwa kujaza, si kwa mita. Miezi minane.

#34 Mama_Mbao

Basi mwenye kisima ndiye anayelia na wewe. Usimwambie.

#35 Mzigo_Halali

Kitu cha kuchekesha ni kwamba sheria ya mizani ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu ekseli ya usukani tani 8 na ekseli ya kuendesha tani 10. Lori la ekseli mbili tani 18. Kwa hesabu hiyo unaweza kupita mizani ya Isinya ukiwapungia mkono. Watakaokukamata ni chasisi, springi na breki.

#36 Nozeli_Sita

Soma tena sheria yako. Tani 10 ni kwa ekseli yenye matairi manne. Bedford MK nyuma ina mawili, moja kila upande. Kiwango chake ni kidogo kuliko hicho.

#37 Mzigo_Halali

Kweli. Nakubali, nimekosea hapo. Inazidi kuwa mbaya basi.

#38 Mzee_wa_Gilgil

Niliposema wanaume wamejaa nyuma, wanaume ishirini na vifaa vyao hawafiki tani 3. Sasa naelewa kwa nini letu halikuchemka. Na kijana, unaposhuka kutoka Corner Baridi kwenda Kisamis na huo mzigo, unatumia gia gani?

#39 Boza_la_Rongai

Ya tatu mzee, na breki.

#40 Mzee_wa_Gilgil

Shuka na ya pili. Gia uliyopandia ndiyo unayoshukia. Breki za ngoma zikipata moto zinaacha kushika na hutapewa taarifa.

#41 Portali

Na ndani ya tangi kuna kuta zenye matundu za kuvunja mawimbi? Tangi likiwa nusu bila hizo kuta, ukikanyaga breki maji yanakwenda mbele, yanapiga, yanarudi. Unaweza kusimama halafu lori likajisukuma lenyewe hatua moja kuingia makutanoni.

Jambo jingine ambalo wengi wanaogeuza magari ya jeshi wanakosea: chasisi ya haya magari imeundwa ijisokote ikiwa porini. Ukifunga tangi gumu la chuma moja kwa moja juu yake kwa bolti kila pembe, ama tangi linapasuka kwenye mashono, ama chasisi inapata ufa. Langu nilijengewa fremu ya pili yenye pointi tatu, moja ya mbele inazunguka kama bawaba. Wengine wanatumia springi kwenye bolti. Fundi wa kwanza aliyeniambia "nitachomelea tu, itashika" nilimwaga chai yake.

#42 Boza_la_Rongai

Langu limechomelewa. Limeshika.

#43 Kochi_Juu_ya_Boda

Portali, unamwaga chai ya mtu mwingine? Wewe ni mkali.

#44 Isuzu_Damu

Nimesoma mpaka hapa. Mnamtesa huyu kijana. Toa hiyo 330, weka 6BD1 ya Isuzu. Spea zimejaa Kirinyaga Road, kila fundi anaijua akiwa amelala, na Isuzu nyingi za ukubwa huo ni volti 24 kama Bedford, kwa hiyo stata na taa hazina shida. Nimeona zaidi ya Bedford moja iliyofanyiwa hivyo na iko kazini Moyale mpaka leo.

#45 Nozeli_Sita

6BD1 ni lita 5.8, hiyo yake ni 5.4. Bila tabo hatapata mlima mwingine, atapata moshi wenye jina jipya. Akichukua yenye tabo, sawa, hewa ya Kiserian haitamsumbua tena. Lakini bamba la kuunganisha injini na giaboksi lazima lichongwe lathe na mtu anayejua. Likikosea katikati kwa unene wa karatasi tu, klachi na beringi ya mbele ya giaboksi utakuwa unazinunua kama maziwa. Halafu logibuku inataka namba mpya ya injini, na lori lipelekwe kukaguliwa Likoni Road.

#46 Isuzu_Damu

Kukaguliwa ni siku moja. Kuchemka ni kila siku.

#47 Hewa_Nyepesi

Au aweke tabo kwenye hiyohiyo 330.

#48 Nozeli_Sita

Usianze. Pistoni za injini isiyozaliwa na tabo hazipoi vilevile. Inawezekana, kwa presha ndogo na kipimo cha joto la ekzosi mbele ya macho ya dereva. Boza hana hata kifuniko cha rejeta.

#49 Juba_Express

Nachangia kidogo pembeni. Mimi nilikuwa fundi kwenye mradi Sudan Kusini, tulikuwa na Leyland DAF za jeshi la Uingereza, zile zilizokuja baada ya Bedford. Injini ni Cummins ya lita 5.9 yenye tabo. Gari tamu mno. Mwenye kuzipata ajue kitu kimoja: ndani ya kifuniko cha gia za mbele kuna kapini ka chuma ka kulenga, hakajafungwa na kitu. Kanatikisika polepole kwa miaka, siku moja kanatoka na kuangukia gia. Kwisha. Dawa ni kufungua mbele na kuweka kibati kidogo cha kukazuia. Kazi ya siku mbili, inaokoa injini nzima. Tulipoteza moja kabla ya kujua.

#50 Ndoto_ya_4x4

Juba hebu nieleze, naweza kuagiza moja ya hizo DAF kutoka Uingereza nije kuijenga nyumba ya kusafiria?

#51 Mzigo_Halali

Hapana. Kenya gari lililotumika likizidi miaka 8 haliingii, na usukani lazima uwe kulia. Malori ya jeshi yanauzwa yakiwa yamezeeka, kwa hiyo kanuni ya miaka inayaua hata kabla ya bandari. Ndiyo maana yaliyopo yanauzwa na kuuzwa tena humuhumu. Tafuta lililokwisha sajiliwa, na hakikisha logibuku inasema kile unachokiona kwa macho. Bodi ya mbao imeandikwa, wewe una tangi? Unabadilisha maandishi.

#52 Boza_la_Rongai

…

#53 Mzigo_Halali

Usiniambie.

#54 Ndoto_ya_4x4

Na rangi ile ya kijani naweza kuiacha? Ndiyo inanivutia.

#55 Portali

Yangu ilikuwa kijani kibichi cha jeshi la Ujerumani. Kutoka Karen mpaka Naivasha nilisimamishwa mara tatu, kila mara na heshima kubwa mno, na kila mara nikichelewa. Nikaipaka rangi ya krimu. Tangu hapo wananisimamisha kuuliza kama nauza aiskrimu.

#56 Boza_la_Rongai

Yangu ni buluu. Wakuu, swali la pembeni: nimefunga redio na chaja ya simu, nikachukua waya kwenye betri moja kati ya zile mbili ili nipate volti 12. Betri moja inakufa kila baada ya miezi miwili. Inahusiana?

#57 Nozeli_Sita

Inahusiana sana. Betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo kupata 24, alternata inazichaji kama moja. Wewe unainywesha moja pekee. Ile unayoinyonya haijai kamwe, mwenzake inachajiwa kupita kiasi mpaka inakauka. Nunua kigeuzi cha 24 kwenda 12, ni kakitu kadogo.

#58 Mama_Mbao

Na kwa kuwa tunamwambia kila kitu leo: kijana, rimu zako ni za pete au za vipande viwili vyenye nati? Usiruhusu mtu wa pancha wa kando ya barabara azifungue tairi likiwa na upepo. Yale magari ya jeshi mengine yana nati za kushikilia vipande vya rimu zikiwa karibu na nati za gurudumu. Mtu akifungua zile zisizo zenyewe, rimu inaruka kama risasi. Hapo zamani tuliona mkono wa mtu. Sitaki kuieleza zaidi.

#59 Mzee_wa_Gilgil

Mama amesema kweli. Upepo utolewe wote kwanza, valvu itolewe, ndipo nati. Na kujaza ni ndani ya kizimba cha chuma.

#60 Boza_la_Rongai (Jumapili, saa 3 usiku)

Nimerudi. Siku tatu za kazi, naripoti.

Kifuniko cha rejeta kipya. Thamostati imerudi. Nyuma kulia silinda ya breki ilikuwa imeshika kutu, tumeifungua. Kigiya cha 4x4 tumekimwagia mafuta ya kulainisha usiku mzima, tukarudisha lori nyuma kama Portali alivyosema, kikatoka kwa mlio ambao majirani walitoka nje. Matairi bado hayalingani, pesa imekwisha.

Leo nimejaza maji nusu, kwa kamba niliyoning'iniza ndani ya tangi yenye fundo. Nimepanda Kiserian mpaka Corner Baridi gia ya tatu. YA TATU. Sindano imekaa katikati.

Moshi mweusi bado upo. Kidogo, lakini upo.

#61 Portali

Ilikuwa 4x4. Asanteni.

#62 Mama_Mbao

Ilikuwa breki.

#63 Mzigo_Halali

Ulipunguza tani nne na bado mnabishana?

#64 Hewa_Nyepesi

Moshi bado upo. Narudia: moshi bado upo. Mpelekee mtu wa pampu aipunguze.

#65 Nozeli_Sita

Umebadilisha vitu vitano kwa mpigo, sasa hakuna anayejua. Jumamosi jaza lote mara moja tu, panda tena, tuone nani alikuwa mkweli.

#66 Mzee_wa_Gilgil

Asijaze lote.

#67 Isuzu_Damu

6BD1 bado ipo Kirinyaga Road, nimeiona jana.

#68 Boza_la_Rongai

Mzee sijazi lote. Lakini sasa nina tatizo jipya. Wateja watatu wa Kisamis wamenipigia simu kulalamika kwamba maji yamepungua.

#69 Kochi_Juu_ya_Boda

Mmoja wao ni mimi. Nilikuwa nimeshahamia.